Barua kwa mwanangu: bakuli lililokwenda kusoma

Mkomani, Lamu
Kumi la mwisho la Ramadhani

Mwanangu mpenzi Zuhura,

Assalamu alaikum warahmatullah. Baada ya salamu, nakujulisha kuwa sisi hapa hatujambo, goti la babako limepoa, na punda wa jirani bado anatuamsha daku kabla ya mpiga ngoma kufika mtaani. Barua yako niliisoma mara mbili, mara ya kwanza peke yangu na mara ya pili nikimsomea babako, naye akacheka pahali ambapo mimi sikucheka. Umeniuliza mambo mawili: kipimo cha tambi za Idi, na kama ni vyema uipambe hiyo nyumba yako ya kupanga huko Leeds kwa taa ndogo za rangi na nyota za karatasi, kama walivyofanya wenzako unaosali nao, au itakuwa ni kuiga sikukuu za watu.

Nianze na tambi, kwa kuwa hazina ubishi. Chukua tambi gramu 400, uzivunje zikiwa ndani ya mfuko wake ili zisikurukie jiko zima. Yeyusha samli vijiko vinne vya kulia, uzitie, na ukoroge bila kuondoka, maana tambi zina hila: zitakaa nyeupe mpaka uchoke kuzingoja, kisha ukigeuka kuitikia simu utakuta zimeungua. Rangi unayoitaka ni ile ya mkate wa mofa upande uliogusa mofa, si zaidi ya hapo. Nazi za huko najua ni za bahati tu, na mbuzi wa kukunia nazi niliyekufungia sandukuni nimesikia umemweka sebuleni kama pambo, jambo ambalo nimelinyamazia; basi tumia kopo moja la tui la mililita 400, ujaze maji kopo lilo hilo, na umimine yote kwa pamoja. Tia iliki nane zilizopondwa na konzi ya zabibu kavu. Sukari, kikombe kimoja kisichojaa, usiitie mpaka tambi zilainike, kwa sababu ikitangulia huzikaza. Zikikaribia kukauka, sisi hupalia makaa juu ya kifuniko. Wewe funika sufuria uitie ndani ya oveni kwa nyuzi 150 dakika kumi, ukihakikisha haina mpini wa plastiki. Zikishikana zote ukapata donge moja, uliweka maji mengi. Uzile kwa chai, wala usiwaambie wageni.

Ama mapambo, wewe umeniuliza habari za taa, nami nitakujibu habari za harufu, kwa kuwa unajua tangu utotoni ninavyoamini: nyumba ya Idi huanza puani. Mgeni husikia udi akiwa bado kwenye daka, hajavua viatu wala hajaona pazia ulilolifua, na papo hapo hujua kama nyumba hii ilimngoja au imeshtukizwa. Hata chokaa, ambayo bibi yako alikuwa akitaka ipigwe ukutani kila mwaka kabla ya Mfungo Mosi, yeye aliipenda kwa harufu yake ya kukauka kuliko weupe wake. Mikeka mipya ilikuja baada ya hayo, mapazia baada ya mikeka, na vitu vya kutazamwa vikaja mwisho kabisa, muda ukisalia.

Sikusahau kisa chako cha mwaka jana, ulipofukiza udi ikalia kengele ya moshi na majirani wakatoka nje na mablanketi. Basi usifukize. Chemsha maji katika sufuria ndogo pamoja na mdalasini, iliki na maganda ya chungwa, uyaache yachemke polepole tangu alfajiri. Nyunyiza marashi kwenye mapazia na mito kwa ule mrashi wa shangazi yako, si kwenye zulia, maana huacha doa. Asumini huko sidhani utawapata, na hapo ndipo moyo wangu hukwama kila ninapofikiria Idi yako, kwa sababu wale asumini mimi nina kisa nao, na katika kisa hicho umo na wewe, ingawa ulikuwa mdogo.

Unakijua kile kidaka cha katikati katika ukuta wa ndani, kilicho kikubwa kuliko vyote, ambacho hadi leo hakijatulia. Humo ndimo lilimokaa bakuli la kaure la buluu, la Kichina, ambalo bibi yako alilirithi kwa mamake, na huyo kwa mamake. Halikutiwa chakula hata siku moja. Kila Idi lilishushwa, likaoshwa kwa maji ya vuguvugu na pamba, likarudishwa, na sisi watoto tulipangwa mstari mbali nalo kama watu wanaotazama jahazi likitia nanga.

Mwaka 1994 kazi za jahazi zilikuwa zimelala, babako hana safari, na kaka yako Athmani alikuwa amepata nafasi ya shule ya bweni kule bara, karo ikidaiwa kabla ya mwezi kwisha. Akaja mtu mmoja mnunuzi wa vitu vya kale, ambaye jina lake silitaji. Alilipindua lile bakuli, akalipiga ukucha ukingoni, nalo likatoa mlio mwembamba uliokaa hewani. Kisha akataja bei iliyotosha karo ya mihula miwili. Mamangu alikuwa juu kabisa, jikoni, akiosha mchele. Nilisikia maji yakimwagwa. Ningeweza kupanda ngazi nikamuuliza, lakini sikupanda. Nililifunga bakuli ndani ya leso yangu mwenyewe, nikampa yule mtu pamoja na leso, na hadi leo sijui ni kwa nini sikuitaka leso irudi.

Mamangu aliposhuka akaona kidaka ki wazi, alikitazama, akanitazama, akaniuliza kama chumvi imebaki. Siku tisa zikapita asiligusie. Kisha usiku mwezi ulipoandama, watu wakipiga takbiri huko nje, alishuka amebeba bilauri ya chai iliyojaa maji, na ndani yake asumini waliochumwa magharibi, bado wamefumba. Akaiweka pale palipokuwa na bakuli, akasogea nyuma, akaisukuma kidogo kushoto. Asubuhi walikuwa wamefunguka wote, na kila aliyeingia na kanzu yake alisimama kizingitini akavuta pumzi. Hakuna aliyekosa kusifu nyumba mwaka ule. Hapo wewe, mwenye miaka mitano na gauni la waridi, ukasema kwa sauti iliyofika mpaka kiwandani, uani mwa nyumba: "Bibi, bakuli limekwenda wapi?"

Vijiko vilinyamaza. Bibi yako alikuwa akimimina kahawa kutoka kwenye dele, wala mkono wake haukutikisika. Akasema, "Limekwenda kusoma, mjukuu wangu. Likihitimu litarudi." Watu wakacheka, nawe ukacheka zaidi ya wote, ukaenda kumwambia kila mtoto wa mtaani kwamba bakuli letu liko bweni na Athmani. Mimi nilipanda juu kuangalia wali ambao haukuhitaji kuangaliwa.

Kwa hiyo ninaposema nyumba ya Idi huanza puani, wakati mwingine najiuliza kama kweli naamini hivyo au nililazimika kuamini tangu siku ile. Kabla ya 1994 sikumbuki mama akisema neno kama hilo. Macho yake yalikuwa kwenye bakuli kama ya sote. Huenda aliona mwanawe ameaibika akaitafutia aibu yangu harufu nzuri. Lakini tena, udi ulifukizwa nyumbani humu kabla sijazaliwa, na chetezo kile kina masizi ya miaka mingi kuliko umri wangu, kwa hiyo siwezi kusema imani hii ni ya kubuni. Nakubali tu kwamba nina sababu zangu za kutopenda sana mapambo ya kutazamwa. Miaka saba baadaye, mwaka 2001, UNESCO ilipouingiza mji wetu katika orodha ya urithi wa dunia, wageni walianza kubisha wakiomba kupiga picha zidaka, na kila mmoja alielekeza kidole pale katikati akauliza palikuwa na nini. Bibi yako akawajibu wote vilevile, na waongozaji wakawatafsiria, na wageni wakaandika kwenye madaftari yao kwamba bakuli linasoma.

Turudi kwenye taa zako, maana nakuona umekunja uso. Nilipomaliza kumsomea babako barua nilikuwa na jibu tayari, nalo lilikuwa fupi. Yeye akanikumbusha kwamba msikiti wa Riyadha hupambwa taa wakati wa Maulidi, na kwamba mimi ni yule yule ninayemwambia tupitie huko kwa makusudi, hata kama tunatoka upande mwingine wa mji, nikasimama na buibui langu nikizitazama mpaka miguu iume. Ni kweli. Nikamjibu kwamba taa za msikitini ni za watu wote, na za sebuleni ni za mwenye nyumba kujionyesha. Akaniuliza bakuli lilikuwa la nani. Babako akistaafu bahari amekuwa hodari wa maswali.

Basi jibu langu sitaliandika. Ninalo, na ulimi unaniwasha, lakini nyumba ni yako, kodi unalipa wewe, na watoto watakaoikumbuka Idi hiyo ni wako. Nasema tu kwamba kama utaziweka, usiweke zile zinazowaka na kuzimika, kwa sababu wali utaonekana kama unapepesa macho. Nyota za karatasi uzikate mwenyewe pamoja na watoto. Mbuzi naye mtoe sebuleni, lakini hilo si habari ya mapambo.

Athmani alikuja mwezi wa Shaabani, ameanza mvi. Aliniletea kutoka Mombasa bakuli la buluu, jipya, lenye karatasi ya bei bado chini yake, akaliweka mezani akasema, "Mama, limehitimu." Nikacheka, nikamwombea dua, nikalipiga ukucha ukingoni alipokwenda kusali. Halilii kama lile. Kwa sasa nimelitilia vitunguu thaumu na liko jikoni juu, kwenye mwanga, ambapo kwa kweli limekaa vizuri. Kidakani nitaweka bilauri ile ile usiku wa mwezi, inshallah, kwa kuwa asumini wa kiwandani mwaka huu wamezaa mpaka wanainamisha fito. Athmani ameniahidi kurudi siku ya pili ya Idi, na sijaamua bado kama atakapoingia ataliona bakuli lake wapi.

Wasalimie wajukuu, na uwape mkono wa Idi kwa niaba yetu. Kiasi nilichokitaja kwenye simu kigawe sawa, mkubwa asipunje mdogo.

Wasalamu,
Mamako