Muulize Fundi: Spika gani kwa ampu ndogo ya valvu?

SWALI: Shikamoo fundi. Napiga gitaa la solo katika bendi ya dansi hapa Tanga, na Jumapili napiga kanisani. Ampu yangu ni Fender Blues Junior ya wati 15, niliinunua ikiwa imeshatumika. Siku hizi spika inakwaruza nikigusa nyuzi nene, na koni ina mpasuko wa urefu wa kidole. Dukani nimeoneshwa spika ya gari ya inchi 12, wati 300, omu 4, nikaambiwa hiyo haifi. Pia nataka boksi la pili, maana tukipiga uwanjani sisikiki. Ninunue nini? – Mpiga solo, Tanga

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hiyo ya gari iache huko huko dukani, na nitakueleza sababu. Lakini kabla hujatoa hata shilingi, hakikisha mgonjwa ni spika kweli. Blues Junior ina valvu mbili za EL84, yaani taa za kioo zinazokuza sauti, zinazokaa ndani ya kabati moja na spika, zinatikiswa kila unapopiga, na zikilegea hutoa mkwaruzo unaofanana sana na wa spika mbovu. Zima ampu, chomoa plagi ya spika, kisha chomeka spika nyingine ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) unayoiamini. Mkwaruzo ukiisha, spika yako ndiyo mbovu. Ukibaki, tafuta kwenye valvu na skrubu za kabati.

Halafu, ampu ikiwa imezimwa, weka vidole vya mikono yote miwili juu ya koni, pande mbili za kitovu chake, uisukume ndani taratibu na sawasawa. Ikienda na kurudi kimya, koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya koni, ni nzima na shida yako ni huo mpasuko tu. Chana kipande cha tishu, kiloweshe gundi nyeupe ya mbao, ubandike mbele na nyuma, uache usiku mzima ukauke. Nimeziba koni nyingi hivyo na zinapiga mpaka leo, mradi mpasuko usiwe kwenye mikunjo ya ukingoni. Ila ukisikia kitu kinasugua ndani unaposukuma, koili inagusa sumaku. Hapo gundi haina kazi, nunua spika.

Sasa twende kwenye omu, maana hapa ndipo ampu za valvu zinapokufa. Transfoma ya kutolea sauti ya Blues Junior imesukwa kwa mzigo wa omu 8. Ukiiwekea omu 4 inapoteza nguvu na valvu zinafanya kazi katika hali ambayo hazikupangiwa. Mbaya zaidi ni kuiwasha bila spika kabisa. Nguvu inayokosa pa kwenda inarudi kwenye transfoma kwa volteji kubwa na kutoboa ganda la waya zake. Hapa mjini mafundi wa kusuka mota wapo kila mtaa, lakini transfoma ya sauti husukwa kwa tabaka zinazopishana, na asiyeijua atakurudishia kitu kinachowaka bila kuimba. Kwa hiyo spika kwanza, swichi baadaye, kila siku. Ukinunua spika iliyotumika, nenda na mita ya kupimia omu. Spika ya omu 8 itasoma kati ya 6 na 7 hivi, ya omu 16 itasoma 12 au 13, na ya omu 4 itasoma 3 na kitu. Mita inapima waya tu, ndiyo maana namba inakuja pungufu. Ikisoma sifuri, au mshale usiposogea kabisa, mrudishie mwenyewe.

Wati 300 zilizoandikwa kwenye ile spika ya gari si sauti. Ni joto ambalo koili yake inaweza kuvumilia. Ampu yako inatoa 15, na ukiisukuma mpaka ikorome inaweza kuzidi hapo kidogo, kwa hiyo spika yoyote ya gitaa kuanzia wati 25 au 30 inatosha. Namba ya kuitafuta kwenye karatasi ya spika ni desibeli: sauti inayotoka ukiipa wati 1 na kuipima umbali wa mita 1. Hii ndiyo namba ambayo wauzaji hawaisemi, nami sichoki kuirudia. Kila desibeli 3 zinazoongezeka ni sawa na kuzidisha nguvu ya ampu mara mbili. Zikiongezeka 10, ni mara kumi.

Sasa piga hesabu. Spika nyingi za besi za gari ziko chini ya desibeli 90, kwa sababu koni yake ni nzito na imetengenezwa kwa ajili ya mngurumo wa chini. Chukua yenye 88. Celestion Greenback, spika ya gitaa ya inchi 12 na wati 25, ina desibeli 98. Maana yake wati zako 15 kwenye spika ya gari zitasikika kama wati 1 na nusu kwenye Greenback. Na bado hujapata ile ting ya juu ambayo solo inaihitaji. Ungekuwa umelipa pesa kuizima ampu yako.

Zipo za kwenda juu zaidi. Celestion Vintage 30 inabeba wati 60 na ina desibeli 100. Eminence Cannabis Rex inabeba wati 50 na ina 102. Jina lake linatokana na koni ya nyuzi za mmea wa bangi, na ni spika halali kabisa. Ukitoka Greenback ukaenda Rex umepata desibeli 4, kama kwamba wati 15 zimekuwa karibu 38, na hujagusa kitu ndani ya ampu.

Kwa muziki wenu mimi ningechukua Rex. Vintage 30 inasukuma sana sauti za kati na juu, na kwa gitaa la roki lililokoroma hilo ni jema, maana linapenya. Lakini dansi inapigwa safi. Solo, second solo na rithimu zinasukana, kila moja na nafasi yake, na ukiingiza spika yenye kelele ya katikati unamkalia mwenzako wa second solo. Baada ya sebene ndefu masikio ya watu yanachoka pia. Rex ni laini juu na pana chini, inaacha kila noti ya gitaa safi isimame peke yake. Kama kanisani kwenu wanalalamika kwamba gitaa limezidi, chukua Greenback, hizo desibeli 4 pungufu zitakusaidia. Yoyote utakayochagua, agiza ya omu 8, na pima kwanza kina cha sumaku yake kwamba haitagusa valvu wala transfoma ndani ya kabati.

Kuhusu boksi la pili. Ampu yako ina soketi moja ya spika. Ukitafuta kiunganishi ukaweka spika mbili za omu 8 sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, unapata omu 4, na tumeshalisema hilo. Njia ya kupiga zote mbili ni spika mbili za omu 16, moja ndani na moja kwenye boksi, sambamba zinatoa 8. Ila siku utakayosahau boksi nyumbani utabaki na 16 peke yake. Kwa hiyo mimi nakushauri boksi lenye spika moja ya omu 8 ambalo unalichomeka badala ya ya ndani, si pamoja nayo. Utashangaa. Kabati la Blues Junior ni dogo na sauti yake imebanwa. Spika ile ile kwenye boksi kubwa kidogo inapumua.

Mpe seremala plaiwudi ya milimita 18. Asikuuzie chipubodi, kwa unyevu wa pwani itavimba na kumwagika kwenye skrubu. Kina sentimita 28 hivi, tundu la spika sentimita 28 kwa inchi 12 (lakini pima spika uliyonayo mkononi kwanza), na nyuma aache wazi kama theluthi moja. Kutoka ampu mpaka boksi tumia waya wa umeme wa nyuzi mbili wa milimita mraba 1.5, si kebo ya gitaa, ambayo waya wake wa ndani ni mwembamba mno kwa mkondo wa spika na ukikatika katikati ya wimbo ampu inabaki bila mzigo.

Na uwanjani, nyanyua boksi juu ya kiti au stuli. Spika ya gitaa inarusha sauti kali mbele kwa njia nyembamba, ikiwa chini inapita miguuni na wewe huisikii, basi unaongeza sauti na wa mbele wanaumia. Watu wakizidi mia, weka maiki mbele ya koni uipeleke kwenye mikisa. Wati 15 za valvu ni za kukupa wewe na bendi sauti nzuri, kazi ya kufikisha nyuma ya uwanja ni ya spika kubwa za ukumbi.

SWALI: Hujambo fundi. Nina kichwa, yaani ampu isiyo na spika ndani, cha Epiphone Valve Junior cha wati 5, nyuma kina soketi tatu: 4, 8 na 16. Nina spika mbili za inchi 10, kila moja omu 8, nataka kuziweka boksi moja. Niziunganishe vipi? – Nakuru

JIBU: Sijambo. Una bahati, njia zote mbili zinakubali. Kwa mfuatano, yaani umeme ukipita spika moja kisha ya pili, zinakuwa omu 16, kwa sambamba zinakuwa 4, na soketi zote hizo unazo. Fanya sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, uchomeke kwenye 4. Kwa mfuatano spika moja ikikatika zote zinanyamaza na transfoma inabaki bila mzigo. Kwa sambamba iliyobaki inaendelea kupiga mpaka umalize wimbo. Kama alama za chanya zimefutika, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye miguu ya spika kwa sekunde moja: koni ikiruka mbele, mguu ulioshika chanya ya betri ndio chanya. Spika zikipishana chanya na hasi, moja inasukuma huku nyingine inavuta, na besi yote inapotea. Na usichomeke mabokisi mawili kwenye soketi mbili kwa wakati mmoja.