Nguo Haijapungua, Mama: Kupunguza Kiuno Polepole Ukishavuka Miaka 45

Nimeshona nguo katika soko la Kibuye, Kisumu, kwa miaka 22, na kila Desemba wateja wangu wa miaka arobaini na kitu huja na lalamiko moja: "Fundi, hii nguo imepungua." Nawapima. Mabega ni yale yale, mapaja hayajabadilika sana. Kiuno ndicho kimetoka inchi 33 kikafika 37. Nilikuwa nikicheka kimoyomoyo, mpaka mwaka niliofikisha 47, zipu ya gauni langu la kanisani ilipogoma katikati ya mgongo.

Mwaka huo huo nilianza kuamka saa tisa usiku, shuka zimelowa. Nikalaumu hali ya hewa. Februari Kisumu nani halii joto? Nilinunua feni ya pili kabla ya kujua kwamba joto lenyewe lilikuwa langu. Muuguzi mmoja ndiye aliyenieleza kwa lugha ya kueleweka: hedhi inapokaribia kukoma, homoni ya estrojeni hushuka, na mafuta yaliyokuwa yakienda kwenye nyonga na mapaja huanza kukaa tumboni. Misuli nayo inakuwa imeanza kupungua tangu miaka ya thelathini, na misuli ndiyo inayokula chakula hata ukiwa umekaa. Kwa hiyo sahani uliyokula ukiwa na miaka 30 bila shida, leo inabaki na wewe.

Lakini mimi sikusikia. Nilikuwa na haraka.

Nikaanza na ile chai ya kusafisha tumbo inayouzwa kwa pakiti. Ilinisafisha kweli, nikawa nawaacha wateja na tepu shingoni nikikimbilia choo cha soko. Kisha nikaacha chakula cha jioni. Kilo 6 zikatoka kwa wiki tano, uso ukazeeka, na baada ya miezi michache zikarudi na wageni. Ukijinyima hivyo unapoteza na misuli, ila uzito ukirudi huwa ni mafuta zaidi. Mwisho nikalipia jimu. Kijana aliyetufundisha, ambaye ningeweza kumzaa, alituambia siku ya kwanza turuke juu ya sanduku. Goti likafura kama andazi. Wiki mbili sikuweza kukanyaga cherehani, na cherehani ndiyo karo ya watoto.

Kilichonisaidia kilianzia kwenye kikombe. Nilikuwa nakunywa chai ya maziwa vikombe vitano kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari. Hesabu mwenyewe: vijiko 15, kila kijiko gramu 4 hivi, ni gramu 60. Kwa mwezi ni karibu kilo mbili za sukari, kwa mtu mmoja. Shirika la Afya Duniani linasema vizuri zaidi tusivuke gramu 25 hivi kwa siku. Sikuacha chai, nisingeweza. Nilipunguza nusu kijiko kila baada ya wiki mbili, ulimi ukazoea bila kugombana nami. Sasa nina kikombe kimoja cha maziwa asubuhi, vingine ni strungi, chai isiyo na maziwa, ya tangawizi.

Ugali pia sikuacha. Nilibadilisha mpangilio tu: kwanza mboga ya osuga (mnavu) na omena, wale dagaa wa ziwani, zijaze sahani, halafu ugali wa ukubwa wa ngumi yangu. Omena huliwa na mifupa yake, kwa hiyo unapata protini na kalisiamu kwa bei ya soko, wakati ambapo mifupa yetu inaanza kupungua nguvu. Asubuhi, yai badala ya mandazi mawili.

Kutembea tulianza watatu, mimi na majirani wawili wa sokoni, barabara ya Dunga kupita hifadhi ya swala. Hatutoki kabla hakujapambazuka, maana viboko hutoka ziwani usiku kula nyasi na sina mbio za kushindana nao. Mwanzoni dakika 10, sasa 30, siku tano kwa wiki. Mwendo wetu ni ule unaokuruhusu kupiga umbea lakini si kuimba.

Ila kama ungeniambia nichague jambo moja, ningechagua jerikeni ya lita 5. Ukiijaza maji ni kilo tano. Mara mbili kwa wiki nazibeba mbili, nazunguka ua, nazitua, nazinyanyua tena. Kisha nakaa kwenye stuli na kusimama bila kushika kitu, mara 10, napumzika, narudia. Namaliza kwa kusukuma ukuta kwa viganja. Dakika 20, goti halilalamiki. Mwezi wa tatu nilipandisha jora la kitambaa kwenye rafu ya juu peke yangu, kazi niliyokuwa nikimwita kijana wa jirani.

Mizani nimeiweka kando. Napima kiuno mara moja kwa mwezi, asubuhi kabla ya chai. Kwa wanawake, hatari ya magonjwa huanza kupanda kiuno kikivuka sentimita 80, na zaidi kikivuka 88, yaani karibu inchi 35. Mimi nilikuwa 39. Baada ya miaka miwili niko 36. Najua ni polepole. Kuna watu wameanza kuniuliza kwa sauti ya chini kama naumwa, maana huku kwetu mama akipungua watu hutafuta ugonjwa. Nawaonyesha jerikeni.

Kama unatumia dawa za sukari au presha, mwone daktari kabla ya kupunguza chakula. Na ukitokwa na damu baada ya hedhi kukoma kwa miezi 12, usingoje hata wiki, nenda upimwe.

Gauni la kanisani nimelifumua na kulitia kipande cha kitambaa kila ubavu. Na siku hizi nikimshonea mama wa miaka 45, naacha inchi moja na nusu ndani ya mshono, bila kumwambia.