Jibu: Kwa nini volti 70 wakati molekuli inataka 10 tu?

Mwenye uzi kauliza hivi: kasoma kuwa molekuli nyingi za mimea zinang'oka elektroni kwa elektrovolti 8 hadi 11 (elektrovolti moja ni nguvu inayochumwa na elektroni ikivutwa na volti moja), sasa kwa nini spektromita ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli na vipande vyake, inarusha elektroni za 70, na inazirusha kwa kutumia kitu gani hasa? Watatu hapo juu mmemjibu "kwa joto la waya". Hapana jamani.

Miye nimekaa na mashine hiyo miaka kadhaa hapa Unguja, na kazi yetu kubwa ilikuwa mafuta ya karafuu kutoka Pemba.

Waya mwembamba wa metali ya tangsteni au reniamu unapashwa mpaka unawaka, kiasi cha nyuzi 2,000. Joto hilo linazitoa elektroni nje ya waya, basi. Zikitoka zinajikongoja, hata elektrovolti moja hazina. Kinachozikimbiza ni kwamba waya umewekwa volti 70 chini ya kisanduku kilicho mbele yake, chenye molekuli ndani. Elektroni ina chaji hasi, inavutwa kule, na ikifika ishachuma elektrovolti 70, njia iwe ndefu au fupi. Mwendo wake hapo ni karibu kilomita 5,000 kwa sekunde: hujamaliza kufumba jicho, ishatoka Nungwi na kuipita Pemba yote. Sumaku mbili ndogo zinaifanya iende ikizunguka kama uzi wa skrubu, ipate kukutana na molekuli nyingi zaidi njiani.

Sasa hiyo 70. Aliyewahi kupopoa maembe ataelewa upesi: jiwe ni elektroni tunayorusha, embe ni elektroni ya molekuli. Jiwe la kivivu linatikisa kichala tu. Wanafizikia Franck na Hertz waliliona hilo mwaka 1914 kwenye mvuke wa zebaki: elektroni za elektrovolti 4.9 zilipoteza nguvu zao kwa atomu, lakini atomu haikuachia elektroni, maana zebaki inataka 10.4. Ukirusha kwa nguvu inayotosha kwa shida, embe linaanguka mara moja moja. Ongeza nguvu, yanaanguka mengi, mpaka ufike baina ya 70 na 100 hivi. Ukizidisha sana yanapungua tena, kwa sababu elektroni inapita mbio mno, haipati muda wa kugusana na chochote. Ukiichora hesabu hiyo unapata mlima, na pale karibu na kilele mlima ni bapa: volti ikiyumba kidogo, matokeo hayayumbi. Ndiyo maana maabara duniani zimeshikamana na 70, ili picha ya yujenoli (kemikali kuu ya mafuta ya karafuu) yetu, yaani mchoro wa vilele unaotoka kwenye mashine, ilingane na ile iliyopigwa Ujerumani.

Kuna mmoja kaandika kuwa elektroni "inamezwa" na molekuli. Kwenye mashine hii siyo. Inaingia moja, zinatoka mbili: ile iliyorushwa na ile iliyopopolewa. Kinachobaki ni ioni chanya, yaani molekuli iliyopungukiwa elektroni moja.

Ziada ya nguvu nayo haikai bure. Si 70 zote zinazoingia kwenye molekuli, ni sehemu ndogo tu, lakini inatosha kuvunja tawi pamoja na embe. Yujenoli ina masi 164 (kwa kipimo ambacho atomu ya hidrojeni ni karibu 1); ikidondosha kipande cha methili (kaboni moja na hidrojeni tatu), chenye masi 15, unaona kilele cha 149. Tulikuwa tukiziona mbili hizo tu, mtu anasema "karafuu hiyo" kabla hata ya kusoma karatasi.

Haya yote yanataka ombwe, yaani nafasi iliyonyonywa hewa. Siku moja umeme ulikatika, uliporudi nikawasha waya kabla pampu haijamaliza kunyonya hewa. Oksijeni iliula papo hapo, na wiki sita tulikaa tukisubiri waya mwengine. Na hata usingeungua, kwenye hewa ya kawaida elektroni haiendi hata sehemu moja kwa elfu ya milimita bila kugonga kitu, hiyo 70 itaichuma wapi? Taa ya tyubu nyumbani inawaka kwa sababu hiyo hiyo: gesi ya ndani, agoni na mvuke wa zebaki, ni chache, elektroni ina nafasi ya kukimbia.

Kuna mwengine kashauri volti zipunguzwe, naye ana ukweli kiasi. Tulijaribu 15 mara moja. Ile 149 ilipungua sana, 164 ikasimama vizuri, ila vilele vyote vilikuwa vifupi mpaka tukadhani sindano haikuingiza kitu.