Futari ya jirani haikukutia unajisi

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka Mkunazini, Unguja. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza kama ulitenda dhambi ulipokwenda kufuturu kwa jirani yako hapo Chake Chake, maana kiongozi wa kikundi chenu cha maombi amesema umejitia unajisi, na anakutaka ufunge siku 3 na utoe faini ya shilingi 20,000 kabla ya kuikaribia Meza ya Bwana.

Hukutenda dhambi. Nalitanguliza hilo usilale tena na khofu.

Fungua 1 Wakorintho 10:27. Paulo anawaandikia Wakristo walioishi katikati ya majirani wa dini nyengine: asiyeamini akikualika, nawe ukataka kwenda, kula unachowekewa, usiulizeulize. Mpaka wake umo katika mstari wa 28. Ukiambiwa chakula hicho kimetolewa sadaka kwa sanamu, acha, kwa ajili ya dhamiri ya aliyekwambia. Muhogo wa nazi na tambi za jirani yako havikupita kwa sanamu yoyote. Ni chakula cha mtu aliyeshinda na njaa, na jua lilipotua akakukumbuka.

Kisha soma Wagalatia 2:11-14, pole pole. Kule Antiokia Petro alikuwa akila pamoja na Mataifa, yaani waumini wasio Wayahudi. Walipofika watu kutoka kwa Yakobo akajitenga, kwa kuwaogopa waliotahiriwa, hata Barnaba akamfuata. Petro hakubadili imani, alihama sahani tu. Lakini Paulo alimkemea mbele ya wote, kwani kule kuhama kuliwaambia wale ndugu kwamba kumwamini Kristo hakutoshi kuwakalisha mezani, mpaka waongeze kitu. Hatari yenyewe ndiyo hii, mwanangu. Katika 5:4 anawaambia wanaotaka kuhesabiwa haki kwa sheria kuwa wametengwa na Kristo. Hasemi wamezidisha bidii.

Biblia yetu ya Kiswahili inasema katika 5:1 kwamba Kristo "alituandika huru", tusinaswe tena chini ya "kongwa la utumwa". Watu wa pwani hii hawahitaji kufafanuliwa maneno hayo. Mtumwa aliyeachwa huru alipewa hati, na kongwa lilikuwa mti wa panda uliofungwa shingoni. Kanisa letu hapa limesimama palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Ni aibu kulibeba kongwa tena kwa hiari na kulivika jina la utakatifu.

Masharti haya huanza kwa nia njema, ndiyo maana huwanasa watu wema. Torati iliruhusu mapigo 40 na yasizidi (Kumbukumbu 25:3). Kufikia siku za Paulo walipiga 39, ili aliyekosea kuhesabu asivuke. Ni uzio tu. Torati iliamuru mfungo 1 kwa mwaka, Siku ya Upatanisho. Farisayo wa Luka 18 alifunga mara 2 kwa juma. Kufunga hakukuwa kosa lake. Kosa ni kwamba alikuja kumsomea Mungu hesabu yake, kisha akaigeuza fimbo ya kumdharau mtoza ushuru. Katika kikundi chenu, kwa ulivyoandika, mfungo wa Ijumaa ulikuwa hiari, ukawa desturi, asiyefunga akaulizwa, sasa anatozwa. Ilipoingia faini ndipo palipoharibika. Faini huuza kile Mungu alichotoa bure, na huwafundisha watu kuficha. Mwenye dhambi kweli hatasema tena. Atalipa, au atanyamaza.

Mwishoni umetaja, kama jambo dogo, kwamba wamekwambia mshahara wa 400,000 utoe kwanza fungu la kumi 40,000, na malimbikizo ya miezi 5, ndipo umtumie bibi yako fedha za dawa ya presha. Hilo mimi naliona zito kuliko futari. Marko 7:9-13: watu walisema mali yao ni Korbani, imewekwa wakfu, wakaacha kuwasaidia wazazi wao, na Yesu akasema wamelitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Dawa ya bibi kwanza. Toa sadaka kwa moyo wa kupenda (2 Wakorintho 9:7). Wala hakuna malimbikizo.

Sasa fanya hivi. Usilipe zile 20,000, wala usifunge siku 3 kama adhabu. Mwone padri wako kabla ya Jumapili, kwa sababu kumzuia mtu Ushirika Mtakatifu si mamlaka ya kikundi cha maombi. Kiongozi wako mwulize kwa adabu, mkiwa wawili: sharti hili limeandikwa wapi, na aliyelivunja anarudishwaje? Akikasirika, usibishane. Kuna shimo upande wa pili pia. Warumi 14:3 inamkataza anayekula asimdharau asiyekula, kwa hiyo kama dada mwenzako dhamiri yake inamkataza kweli, usimvute mkono.

Jirani akikualika tena, nenda. Fika kabla ya adhana ya magharibi, na usiende mikono mitupu. Nusu kilo ya tende inatosha.

Mama yako