Nyuma inatoka kwenye kona, niongeze vibawa mbele?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Dodoma, naandaa Subaru Impreza yangu kwa ajili ya rali. Nimefunga splita ndefu, lile bapa linalolala chini ya bampa ya mbele, sasa nikifika 140 kwenye kona nyuma inataka kutoka. Fundi wangu anasema mbele bado haijakandamizwa vizuri, niongeze vibawa pembeni mwa bampa. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Hapana mdogo wangu, usiongeze kitu chochote hapo mbele.

Hili jambo naletewa kila siku hadi linaniuma, mtu anaamini mbele ikikandamizwa basi gari nzima imekandamizwa. Sio hivyo. Splita yako imetangulia mbele ya tairi za mbele, sasa chukua mkokoteni wa tairi mbili, pakia gunia mbele kabisa ya tairi uone kule nyuma kunafanyaje. Kunanyanyuka. Gari ni vilevile, kila kilo unayoongeza pale puani inapunguza kidogo uzito wa tairi za nyuma, na kama nyuma huna bawa la kurudisha huo uzito mkia lazima utoke.

Halafu wanadhani upepo unaikanyaga splita kwa juu tu. Kazi kubwa iko chini, hewa inapita kwa kasi kati ya splita na barabara, presha inashuka, pua inavutwa. Sasa ukishika breki pua inazama, nafasi inapungua, inavutwa zaidi, na uzito wa gari nao umeshahamia mbele, yaani nyuma inakuwa nyepesi palepale unapoingia kona! Na kwenye barabara ya vumbi yenye mashimo hiyo nafasi inabadilika kila sekunde kwahiyo mshiko unakuja unaondoka, huwezi kuizoea gari ya hivyo.

Fundi wako ameijaribu wapi? Kama ni mjini na 50 hajajaribu kitu. Nguvu ya upepo inapanda kwa mraba wa spidi, toka 50 hadi 150 ni mara 9.

Kwenye mbio za saa 24 za Le Mans kule Ufaransa mwaka 1999, gari la mbio la Mercedes CLR lililoendeshwa na Mark Webber lilipaa mara mbili kabla ya mbio kuanza, wakaongeza vibawa puani, na bado CLR ya dereva mwenzake Peter Dumbreck ikapaa kwenye mbio zenyewe ikaangukia kwenye miti. Wale ni wahandisi wakubwa, ugonjwa ulikuwa kwenye gari lenyewe wao wakatibu pua. Sembuse huyu anayekata plastiki kwa macho, anaipiga skrubu nne kwenye bampa, anakuchaji hela ya maana na hajui hata chesesi yako inaishia wapi. Splita ya kweli inabebwa na chesesi, ukisimama juu yake haipindi. Hizi za kwenye bampa jiwe moja tu zinachomoka zinaingia chini ya tairi, na nimeona zingine zimeziba njia ya hewa ya rejeta, kwa joto hili la Dodoma injini inachemka hata kabla ya Kibaigwa.

Ing'oe. Funga sampugadi nene ya kukinga mawe chini ya injini, kagua shokapu za nyuma na presha ya tairi, kisha rudia kona ileile sehemu iliyofungwa isiyo na watu, anza na 80 ukipanda taratibu. Kama nyuma bado inatoka niletee gari bila hiyo splita.