Ndugu yangu alikamatwa akaachiliwa: rekodi yake ya polisi tunaipata wapi?

SWALI: Salaam aleikum wakili. Mwaka juzi ndugu yangu alikamatwa usiku huku Likoni pamoja na vijana wengine, akalala selo siku nne kisha akaachiliwa. Hakupewa karatasi yoyote. Sasa amepata kazi ya ulinzi Qatar na ajenti anataka cheti cha mwenendo mwema. Anaogopa kitatoka na doa. Binamu yetu aliye Texas anasema tuingie mtandaoni tutafute jina lake. Nimetafuta, sikuona kitu. Hapa Kenya rekodi ya polisi inatafutwa vipi? Na mimi dadake nina haki ya kuiona?

JIBU: Waaleikum salaam dada. Muulize nduguyo kwanza alikamatwa siku gani ya wiki. Hizo siku nne ndizo zitakazotuonyesha pa kutafuta, na nitazieleza hapo chini.

Binamu yako anasema kweli kwa huko aliko. Katika kaunti nyingi za Texas sherifu ndiye mwenye jela, na orodha ya waliomo ndani huwekwa kwenye tovuti, wazi kwa kila mtu. Kenya hatuna orodha ya namna hiyo. Mtu akikamatwa hapa, habari zake huandikwa kituoni na maandishi hubaki kituoni, chini ya OCS, yaani mkuu wa kituo. Kwa hivyo mtu akikuambia mtandaoni kwamba kwa elfu mbili atakuangalizia jina "kwa sistimu ya polisi", usimtumie hata shilingi.

Mlango wa kwanza ni OB, kile kitabu cha matukio kinachokaa kaunta. Kila jambo linaloingia kituoni huandikwa humo kwa mfuatano: simu iliyopotea, ugomvi wa majirani, doria iliyorudi na watu watano. Nambari yake husomeka hivi: 31/14/6/2023, maana yake tukio la 31 la tarehe 14 Juni 2023. Kesho yake hesabu huanza tena kwa moja. Ndiyo maana ukifika kaunta na jina peke yake, afisa wa zamu hana pa kuanzia, lakini ukifika na tarehe, anazo kurasa chache tu za kupekua. Kaeni chini na nduguyo muikumbuke tarehe hiyo. Tazameni jumbe za simu za siku zile, au miamala ya M-Pesa ikiwa kuna aliyetuma pesa za chakula au za dhamana.

Hakikisheni pia ni kituo gani. Mtu anasema "nilipelekwa Likoni", kumbe alilala Inuka, au alishukishwa kituo kimoja kisha akahamishiwa kingine asubuhi. Kila kituo kina OB yake.

Kwa kuwa walikamatwa wengi, jina la nduguyo huenda lisiwe la kwanza kwenye mstari. Mara nyingi afisa huandika jina la mmoja na kufuatisha wengine, tena huandika kama alivyosikia: Muhammad huwa Mohamed, jina la babu huwa jina la baba. Basi pelekeni pia majina ya wale wenzake, na nambari ya kitambulisho. Na muombe maandishi mawili, la kuingia na la kutoka. Watu wengi huridhika na la kuingia, lakini hilo la kutoka ndilo linalosema aliachiliwaje: kwa bondi ya bure, kwa dhamana ya pesa, bila shtaka, au alichukuliwa kupelekwa mahakamani.

Zaidi ya OB kuna rejista ya mahabusu. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, katika Jedwali la Tano, inataka kila aliyekamatwa aandikwe jina lake, sababu ya kukamatwa, tarehe na saa, afisa aliyemkamata, siku aliyofikishwa mahakamani kwa mara ya kwanza, na kuhamishwa kokote kulikofanyika. Kwa mtu aliyelala ndani siku nne, rejista hii ina maelezo mengi kuliko OB. Itajeni kwa jina lake mnapoomba. Nendeni mchana, si asubuhi ambapo kituo kizima kinahangaika kupeleka watu kortini. Kitabu cha mwaka juzi kitakuwa kimeshajaa na kuwekwa stoo, kwa hivyo huenda mkaambiwa mrudi. Rudini.

Sasa haki ya kuona. Nduguyo anayo, tena kwa nguvu. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 imeweka utaratibu. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, kwa hivyo hamna haja ya kulipa mtu awaandikie barua ya Kiingereza. Andikeni hivi:

"Kwa Mkuu wa Kituo. Mimi (jina, nambari ya kitambulisho, simu) naomba, chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, nakala ya maandishi ya OB na ya rejista ya mahabusu yanayohusu kukamatwa kwangu tarehe fulani na kuachiliwa kwangu tarehe fulani. Naomba pia nambari ya kesi au ya ombi lolote lililopelekwa mahakamani kwa jina langu."

Pelekeni nakala mbili, moja ibaki, nyingine igongwe muhuri mrudi nayo nyumbani. Kuwasilisha ombi hakuna ada. Mnaweza kutozwa gharama ya kutoa nakala, basi. Kituo kina siku 21 za kujibu. Zikipita kimya, sheria inahesabu kwamba mmekataliwa, na mnaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama Ombudsman. Jambo linapogusa uhai au uhuru wa mtu, mathalani yuko ndani sasa hivi na hamjui wapi, muda huo huwa saa 48.

Wewe dadake ni habari nyingine. Maadamu nduguyo ni mtu mzima na yuko huru, rekodi hiyo ni yake, na sheria inalinda faragha yake hata dhidi ya jamaa. Akuandikie barua ya idhini yenye sahihi yake na nakala ya kitambulisho, kisha uende badala yake. Bila hiyo, afisa akikukatalia hajakuonea. Nasema haya kwa wote wanaoniuliza namna ya kuchunguza mchumba au mpangaji: OB si kitabu cha kusomewa watu.

Turudi kwenye siku nne. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, na isizidi saa 24. Lakini saa hizo zikiishia nje ya saa za korti, au siku ambayo korti haifanyi kazi, mwisho wake unasogea hadi siku ya korti inayofuata. Piga hesabu: mtu akikamatwa Alhamisi saa tatu usiku, saa 24 zinaishia Ijumaa saa tatu usiku, korti imeshafungwa, na siku ya korti inayofuata ni Jumatatu. Hapo siku nne zinaweza kupita bila faili lolote mahakamani. Lakini kama alikamatwa Jumatatu usiku akatoka Ijumaa, kuna mawili tu. Ama alishikiliwa kinyume cha Katiba, na hilo mnaweza kulipeleka IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi. Ama polisi walikwenda kwa hakimu kuomba muda wa kuchunguza, na hakimu akawapa.

Ombi kama hilo, ambalo makarani huliita "misc", lina faili lake na nambari yake, mbali kabisa na nambari ya kesi. Watu huliacha kwa sababu nduguyo atakwambia, na atasema kweli, "mimi sikushtakiwa". Muulize kama alipanda gari la polisi akasimama mbele ya hakimu, hata kwa dakika mbili. Kama alisimama, nendeni masjala ya jinai ya Mahakama ya Mombasa na jina na tarehe, mkaombe rejista za kesi na za misc pia. Tovuti ya Kenya Law ni nzuri na ni bure, lakini hukumu nyingi zilizomo ni za Mahakama Kuu kwenda juu. Ya hakimu wa jinai tafuteni masjala.

Mkipata faili la kesi, tazameni lilivyofungwa. Kuondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai si kuachiliwa huru: upande wa mashtaka unaweza kurudi na shtaka lilelile. Kuachiliwa chini ya kifungu cha 210, kwa kuwa hakuna kesi ya kujibu, ni kuachiliwa huru. Ombeni nakala ya amri hiyo iliyothibitishwa kwa muhuri wa mahakama.

Na cheti? Hicho hutolewa na DCI, idara ya polisi ya upelelezi wa jinai, ambao hulinganisha alama za vidole na kumbukumbu zao. Mwulize nduguyo kama pale kituoni alipakwa wino vidoleni. Alama huchukuliwa mara nyingi mtu anapofunguliwa mashtaka. Kama hakuchovya wino, uwezekano wa kumbukumbu kuwepo ni mdogo. Kama alichovya na kesi ikaisha vizuri, ile amri yenye muhuri ndiyo ya kupeleka DCI kumbukumbu zirekebishwe, na Kifungu cha 35(2) cha Katiba kinampa haki ya kudai habari zisizo za kweli au za kupotosha zisahihishwe au zifutwe.

Msingoje majibu ya kituo ndipo muombe cheti. Aombe sasa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, achapishe fomu ya C24 na risiti, akachukuliwe alama Huduma Centre. Hicho cheti ndicho kitakachowaonyesha nyinyi kile DCI walicho nacho juu yake, na ni heri mjue kabla hajamlipa ajenti pesa za vipimo na tiketi.