Maswali ya wasomaji: Ardhi ikishuka, mikoko ipandwe wapi?

SWALI: Ndugu wahariri, kikundi chetu cha kina mama kinapanda mikoko. Tunasikia kwamba baada ya tsunami ya 2004 watu wa Sri Lanka na wa Aceh, Indonesia, walipanda mikoko mingi na mingi ikafa. Walikosea wapi?
Mama wa Pangani

JIBU: Dada yetu, kosa lilikuwa mahali, kabla hata ya kushika mche. Sri Lanka ilipandwa hekta 1,000 hadi 1,200, zikafanikiwa 200 na ushei. Katika maeneo 23 yaliyokaguliwa, 9 hayakubakiwa na mche hata mmoja. Miche iliwekwa mahali ambapo mikoko isingeweza kuota, ng'ombe wakaikanyaga, mwani ukaizonga, na waliopanda hawakurudi kuitazama. Mkoko hupumua kwa vitundu vya shina na mizizi. Ukizama zaidi ya theluthi moja ya muda wote, unakosa pumzi.

Aceh ilikuwa na shida ya ziada. Tetemeko la 26 Desemba 2004 lililoleta tsunami hiyo, la ukubwa wa 9.1, liliisogeza ardhi yenyewe. Pwani ya magharibi ya Aceh ilizama, na kaskazini mwa kisiwa cha Simeulue ikainuka kwa karibu mita 1.5. Kwa hiyo kupanda "palepale pa zamani", ambako ndiko moyo wa kila mtu hukimbilia, kulikuwa kupanda baharini au nchi kavu.

Pimeni maji kwanza. Siku ya bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo au mpevu), maji yakiwa yamekupwa, simikeni vigingi ndani ya mikoko ya asili iliyo karibu nanyi, kisha kila kigingi kipakeni chaki ya shuleni toka chini hadi juu. Siku hiyohiyo fanyeni vivyo hivyo mnakotaka kupanda. Maji yakijaa na kutoka, chaki itakuwa imefutika hadi pale yalipofika. Kama kwenye mikoko ya asili yalifika magotini na kwenu yamefika kifuani, hapo si pa mikoko, hata mfadhili aseme nini.

La pili ni njia za maji. Aceh ilikuwa na mabwawa mengi ya samaki na kamba yaliyochimbwa katika ardhi ya mikoko. Penye kingo za namna hiyo, zibomoeni mahali ambapo kijito kilikuwa kikipita, maji yaingie na kutoka. Mbegu hubebwa na maji, nazo huotea kimo kinachozifaa. Ngojeni mwaka mmoja muone kama miche inajiotea. Pandeni tu ikiwa hakuna mikoko mama karibu.

Mkipanda, fuateni mpangilio wa asili wa aina za mikoko: mlilana mbele kwenye bahari, mkoko wenyewe (ule wenye mizizi mirefu kama miguu) nyuma yake na kando ya vijito, mkandaa juu zaidi. Mchu huweza kuwa mbele na pia nyuma kabisa. Mbegu ya mkoko iliyokomaa huachia mtini kwa kuguswa tu. Iwekeni kivulini wiki moja ili kaa wasiitafune sana, kisha chomekeni ncha iliyochongoka chini, theluthi ya urefu wake, kwa nafasi ya mita 1 kwa mita 1. Hekta moja huchukua 10,000.

SWALI: Matumbawe yaliyoinuliwa juu ya maji na tetemeko hufufuka?
Mvuvi, Lamu

JIBU: Hapana, kaka. Kinachobaki ni jiwe. Lakini lipo tumbawe lililokufa utosini na likabaki hai ubavuni, chini ya maji. Katika visiwa vya Simeulue na Nias, Indonesia, ambako ardhi iliinuka, Nias kwa karibu mita 3 Machi 2005, wanasayansi walipima umbali kati ya utosi uliokufa na ukingo ulio hai ili kujua ardhi imepanda kiasi gani. Ukingo huo ndio unaoendelea kukua, kwa hiyo msiuvunje kwa nanga.

SWALI: Maji ya bahari yakiingia kisimani, tuyavute yote?
Msomaji, Kilwa

JIBU: Hasha. Sri Lanka, baada ya tsunami ya 2004, visima vingi viliharibika zaidi kwa kuvutwa mno. Maji matamu ya pwani hukaa juu ya maji ya chumvi. Ukivuta kwa pampu yenye nguvu, ya chumvi hupanda kutoka chini. Toeni takataka na tope, vuteni mara moja polepole, na mkamwage mbali, maana yakimwagwa karibu hurudi palepale.

Maji yakirudi kimo chake, tieni dawa. Gramu 30 za klorini ya unga ya asilimia 70 katika lita 10 za maji, kisha lita 1 ya mchanganyiko huo kwa kila lita 100 za kisimani. Kisima chenye upana wa mita 1 na maji ya kina cha mita 2 kina lita 1,570 hivi, basi ni lita 16. Ngojeni angalau nusu saa kabla ya kuteka.

Klorini huua vijidudu, haiondoi chumvi. Chumvi husukumwa na mvua, na huenda ikachukua zaidi ya msimu mmoja. Kwa muda huo maji ya kisima yawe ya kufulia na kuoshea, na ya kunywa kingeni ya mvua kutoka paa la bati, mkimwaga yale ya mwanzo yanayoosha paa.